Helikopta Hujifunzwa Mezani

Waswahili husema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Anayejifunza kurusha helikopta ya rimoti hufanya kinyume cha mbaazi: kosa ni la jua kweli, naye anajilaumu mwenyewe. Anafungua boksi jioni, anachaji betri, anaiweka mashine uani na kusukuma kijiti. Kabla hajahesabu tatu helikopta imelalia ubavu, mapanga yamepiga saruji na gia imesagika meno. Anajiambia kwamba vidole vyake vizito na mchezo huu ni wa wenye kipaji, kisha boksi linapanda juu ya kabati. Huenda tangu kiwandani sahani inayoongoza mapanga ilikuwa imeinama digrii mbili, au betri ilikaa nyuma mno, au panga moja lilikuwa linapita juu ya mwenzake. Hatajua kamwe. Kila helikopta inapokwenda usikotaka wapo washukiwa watatu, yaani vidole, mashine na hewa, na hakuna mtu anayejifunza kutokana na kosa asilojua ni la nani. Ndiyo maana nashauri kwamba sehemu kubwa ya kujifunza kuelea ifanyike mezani, kwa bisibisi na rula, ili siku ya kuruka washukiwa wawili wawe wameshaondolewa na abaki mmoja wa kumfundisha.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana wengi huuelewa visivyo. Droni ya mapanga manne inayouzwa madukani ukiiachia vijiti hubaki palepale, kwa sababu ndani yake kuna vipimo vya satelaiti na vya mgandamizo wa hewa vinavyofanya kazi ambayo wewe hukuifanya. Ndege ya mabawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi nayo hujinyoosha yenyewe ukiiachia nafasi. Helikopta ya kawaida ya rimoti haina wema huo. Kuielekeza ni sawa na kusimamisha ufagio wima kiganjani: mkono hautulii hata kidogo, ila anayetazama kwa mbali huona ufagio umetulia. Kijiti cha kulia hakiamrishi mahali pa kwenda, wala hakiamrishi kasi. Kinaamrisha mwinamo, na mwinamo huzaa kasi inayokua kila sekunde. Helikopta ikianza kwenda kulia, unaisukuma kushoto ili ipunguze mwendo. Ukingoja uone imesimama ndipo urudishe kijiti, umeshachelewa, kwa kuwa bado imeinamia kushoto na sasa inakimbilia huko. Unairudisha kwa nguvu zaidi, inakwenda kulia kwa kasi zaidi, na bembea hiyo hukua hadi ardhi iimalize. Sahihisho linalofaa hutolewa na kurudishwa kabla hujaona matokeo yake.

Sasa fikiria mashine isiyopangwa. Hesabu ya fizikia ya shule inatosha hapa. Helikopta inayoelea ikibaki imeinama digrii 1 tu upande mmoja, baada ya sekunde 5 itakuwa imesogea takriban mita 2. Ikiinama digrii 3, umbali huo itaupita ndani ya sekunde 3. Digrii 3 mezani ni kitu ambacho jicho lisilozoea halikioni. Ni mkono wa sevo, ile mota ndogo inayosogeza sahani, uliofungwa jino moja pembeni, au kiungo cha plastiki kilichozungushwa mara mbili pungufu. Mwanafunzi anayerusha mashine ya namna hiyo analazimika kushikilia kijiti pembeni muda wote ili tu isikimbie, huku akijaribu kujifunza masahihisho madogo juu ya sahihisho hilo kubwa. Ni kama kumfundisha mtu kuandika juu ya meza yenye mguu mfupi, halafu kumlaumu kwa hati mbaya.

Historia ya chombo hiki inashuhudia jambo hilohilo. Arthur Young, Mmarekani aliyebuni helikopta ya Bell 47, alianza na modeli ndogo. Katika miaka ya 1930, shambani kwake Paoli, Pennsylvania, alijenga moja baada ya nyingine, zikianguka na kutengenezwa upya. Tatizo lake lilikuwa lile la uani kwako: modeli ilipaa, ikayumba, ikapinduka. Jibu alilolipata lilikuwa la fundi. Chini ya mapanga alifunga fimbo yenye uzito kwenye ncha zake, inayozunguka pamoja nayo na kung'ang'ania kubaki katika mlalo wake hata mwili ukiyumba, na fimbo hiyo ikawa inayasahihisha mapanga. Mwaka 1941 aliionyesha kampuni ya Bell modeli yake ikielea, na tarehe 8 Machi 1946 Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza ya kiraia kupewa cheti nchini Marekani. Karibu mwaka 1970 Mjerumani Dieter Schlüter alifanikiwa kurusha helikopta ya rimoti iliyodhibitika vizuri, na baadaye modeli za aina hiyo zikauzwa kwa vipande vya kujiungia nyumbani. Fimbo ya kutuliza iliendelea kuonekana juu ya vichwa vya modeli kwa miongo mingi, mpaka jairo za kielektroniki, vifaa vinavyohisi mwinamo na kuusahihisha, zilipoichukulia kazi. Mashine ilipangwa kwanza, kisha ndipo binadamu akaweza kuelea.

Kuhusu mashine ya kununua nitapita haraka, kwa kuwa maduka yana mengi na majina hubadilika. Zile zenye safu mbili za mapanga yanayozunguka kinyume, moja juu ya nyingine, ni tulivu sana, nazo kwa sababu hiyohiyo hazifundishi mengi. Zile ambazo pembe ya panga haibadiliki hupanda kwa kuongeza mwendo wa mota, na mota huchelewa kuitikia, kwa hiyo mwanafunzi hufuga tabia ya kusukuma mno. Inayofaa ni ile ambayo pembe ya mapanga hubadilika huku mwendo wa mota ukibaki uleule. Ndogo ya mapanga yenye upana wa sentimita 25 hivi, kama XK K110, huanguka bila hasara kubwa, na unaweza kuirusha ndani ya ukumbi mtupu. Kubwa kidogo, za daraja linaloitwa 450, zina mapanga ya milimita 325 kila moja, huonekana vizuri zaidi na hazisukumwi sana na upepo, lakini si za kuchezea. Mapanga hayo yakizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha yake inapita kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2013 jijini New York kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake ya rimoti, kubwa zaidi ya hii. Neno pangaboi tulilozoea kuliita feni ya darini lisitudanganye. Hili ni panga kwa maana yake ya asili. Ushauri wangu ni kuanza na ndogo, na kuipanga kwa uangalifu uleule ambao kubwa itaudai.

Twende mezani. Kazi ya kwanza ni kuchomoa nyaya tatu zinazokwenda kwenye mota, kwa sababu utakuwa unachezea mipangilio ya rimoti huku betri imechomekwa, na kosa moja la kidole linaweza kuamsha mapanga puani pako. Ikiwa nyaya hazichomoki kirahisi, ondoa mapanga yote, pamoja na yale ya mkia. Kisha amua mpangilio wa vijiti. Wengi siku hizi hutumia ule unaoitwa namba 2: kijiti cha kushoto kinapandisha na kugeuza mkia, cha kulia kinainamisha mwili mbele, nyuma na pembeni. Kuna wanaotumia namba 1, hasa waliojifunza kwa desturi ya Japani, na hakuna ubaya. Ubaya ni kubadilisha katikati ya mafunzo. Fuata mpangilio wa aliye karibu nawe anayeweza kukusaidia. Halafu hakikisha kwamba uchanganyaji wa sevo tatu za sahani unafanywa na kifaa kimoja tu. Zikichanganywa na rimoti na jairo kwa pamoja, sahani itakwenda kwa namna ya kushangaza, nawe utadhani sevo ni mbovu.

Sahani yenyewe ndiyo moyo wa kazi hii, na hapa usiwe na haraka. Ni duara lililovaa shafti chini ya mapanga. Sevo tatu zikipanda pamoja, mapanga yote yanaongeza pembe na helikopta inainuka. Moja ikipanda na nyingine kushuka, sahani inainama na helikopta inaelekea huko. Weka kijiti cha kupandisha katikati. Kila mkono wa sevo sasa uwe pembemraba kamili na fito unayoisukuma. Usipokuwa hivyo, uchomoe na uuhamishe jino moja, na ile tofauti ndogo inayobaki ndiyo uimalize kwenye mipangilio ya jairo. Wengi hufanya kinyume, wanaacha mkono umepinda na kuunyoosha kwa namba kwenye skrini, na matokeo yake sevo inakwenda mbali upande mmoja kuliko mwingine. Kisha pima sahani kama imekaa mlalo, kwa kifaa chake au kwa rula dhidi ya shafti, na urekebishe viungo nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Ukimaliza, pembe ya mapanga iwe sifuri kijiti kikiwa katikati, yote mawili sawa. Baada ya hapo ndipo uchore mkunjo wa mwanafunzi ndani ya rimoti: chini kabisa iwe kama digrii 3 pungufu ya sifuri, katikati 5, juu 10. Modeli nyingi huelea zikiwa na pembe ya digrii 5 au 6, kwa hiyo utaelea na kijiti kikiwa karibu na katikati, na hata ukishtuka ukakishusha ghafla, haitajipigiza chini kwa nguvu.

Mkia unafuata, na hapa kuna jaribio ambalo lingeokoa helikopta nyingi kama watu wangelifanya kila mara. Shika mashine mkononi, betri imechomekwa, mota haina nyaya. Sukuma kijiti cha mkia kulia, utazame mapanga ya mkia yanaelekea wapi. Acha kijiti, kisha geuza pua ya helikopta kushoto kwa mkono. Mapanga ya mkia yanapaswa kwenda upande uleule ulioona mwanzo, maana jairo inajaribu kurudisha pua kulia. Yakienda kinyume, jairo itaongeza kila kosa badala ya kulipunguza, na helikopta itazunguka kama pia mara tu itakapoacha ardhi. Fanya vivyo hivyo kwa sahani: inamisha mwili mbele, na sahani iinamie nyuma kana kwamba inakataa. Ukali wa jairo ya mkia upange wastani. Mkia ukitikisika upesi kama mkia wa mbwa mwenye furaha, punguza. Ukilegea na kuchelewa kusimama, ongeza.

Yaliyobaki yanaonekana madogo, na ndiyo yanayowasingizia watu vidole kuliko mengine yote. Uzito uwe chini ya shafti: inua helikopta kwa kichwa cha mapanga, utazame kama mwili unakaa mlalo, na usogeze betri mbele au nyuma mpaka ukae. Pua ikiwa nzito, kila mara utakapoinuka itakimbilia mbele, nawe utajiona mtu wa papara. Mapanga yawe na uzito sawa, na yafungwe kwa kiasi kwamba ukiilaza mashine ubavu hayaning'inii, ila ukiitikisa yanakubali kujikunja. Skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma iwekwe tone la gundi ya skrubu. Inayoingia kwenye plastiki isiwekwe, maana gundi hiyo huila plastiki. Gia ya mota na gia kuu ziachiane nafasi ya karatasi moja nyembamba. Jaribu pia, mapanga yakiwa yameondolewa, nini kinatokea ukizima rimoti: mota inapaswa kukatika. Na swichi ya kukata mota uijue kwa kidole bila kuitazama, kwa sababu siku ya msukosuko hakuna atakayekupa muda wa kuitafuta.

Hapa msomaji mwenye kufuatilia teknolojia ataniuliza: haya yote ya nini, ikiwa jairo za leo zina uwezo wa kuinyoosha helikopta zenyewe ukiachia vijiti? Swali ni la haki, na msaada huo ni wa kweli. Mimi mwenyewe nashauri mwanafunzi aanze ukiwa umewashwa. Lakini jairo hujua mashine imeinama kiasi gani kwa kulinganisha na kile ulichoifundisha mezani kuwa ndio mlalo. Ukiifundisha mlalo wa uongo, itautetea uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Mtikisiko wa panga lisilo na uwiano nao huipotosha, na baada ya dakika mbili helikopta huanza kuegemea upande ambao hakuna aliyeuomba. Zaidi ya hayo, kunyoosha mwinamo si sawa na kubaki mahali. Mapanga ya modeli nyingi huzunguka kama mshale wa saa ukiyatazama kutoka juu, kwa hiyo mwili hutaka kuzunguka kinyume, na panga la mkia huuzuia kwa kuusukuma mkia kushoto. Msukumo huo hausukumi mkia peke yake. Unaihamisha helikopta nzima kwenda kushoto. Ndiyo maana helikopta inayoelea vizuri huonekana imeegemea kulia kidogo. Asiyejua hili hupoteza siku nzima akijaribu kuinyoosha mashine iliyo sawasawa. Msaada wa jairo unamstahili anayejua unasaidia nini.

Pingamizi la pili ni la fedha: mashine inayohitaji uangalifu wote huu, na vipuri vinavyosafirishwa kutoka China wiki kadhaa, si mchezo wa watu wenye pesa za kutupa? Kama kila jaribio linaishia kwenye saruji, ni kweli. Ila tazama gharama zinatoka wapi. Mtu anayeanguka kwa sababu ya sahani iliyopinda hununua shafti, mapanga na gia, anavifunga juu ya sahani ileile iliyopinda, na anaanguka tena. Analipia kosa moja mara nne. Saa tatu za mezani hazina bei, na ndizo zinazokata mnyororo huo. Mwenye bajeti ndogo ndiye anayehitaji meza zaidi. Sehemu ya fedha iliyobaki ningeielekeza kwenye rimoti nzuri inayoweza kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kwa sababu inafungua mlango wa simuleta.

Simuleta, kama RealFlight au Heli-X, wapo wanaoidharau kuwa ni gemu la watoto. Mimi naithamini kwa sababu moja inayohusu hoja yangu: ndani yake mashine haina kasoro na upepo unaweza kuuzima. Amebaki mshukiwa mmoja. Ukiyumba ndani ya simuleta, umeyumba wewe. Tumia huko saa zako kumi za kwanza, nusu saa kila siku badala ya siku nzima Jumapili, mkia ukikuelekea, usitafute mbwembwe, mpaka uweze kuelea dakika mbili ndani ya mraba mdogo bila kufikiri. Hapo vidole vimepata cheti, na helikopta halisi ikikataa utajua pa kuelekeza macho.

Hewa ndiyo mshukiwa wa tatu, nayo ina desturi zake. Pwani, kusi au kaskazi, upepo wa mchana si wa mwanafunzi. Asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, bahari haijaanza kuvuma na anga hutulia. Chagua uwanja wa nyasi fupi, usio na watoto wa kukusanyika (watakusanyika tu, kwa hiyo enda na mtu wa kuwazuia). Wa bara wakumbuke mwinuko: Nairobi, yenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa, kwa hiyo mashine iliyopangwa Mombasa itaelea Nairobi kwa pembe kubwa zaidi na betri itaisha mapema. Hilo nalo lisihesabiwe kuwa kosa la kidole. Hewa ya karibu na ardhi ndiyo yenye hila kubwa. Upepo wa mapanga hugonga chini na kurudi, na ndani ya kimo cha upana mmoja wa mapanga helikopta huteleza kama sabuni juu ya bao lenye maji. Mwanafunzi hudhani kwamba kubaki chini ni usalama, hivyo huning'inia sentimita 20 kutoka ardhini, mahali pagumu kuliko pote. Kabla ya kwenda popote, uliza pia mamlaka ya usafiri wa anga: Kenya ilitoa kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020 chini ya KCAA, na Tanzania suala hilo liko chini ya TCAA. Ni vema kuuliza kabla ya kuagiza, kuliko kuuliza mzigo ukiwa umeshikwa forodhani.

Siku ya kuruka, funga chini ya miguu ya helikopta fito mbili zilizopishana, zenye mipira ncha zote nne. Zinafanya kazi ya matengo ya ngalawa: hazikufundishi kuendesha, ila zinakuzuia usipinduke ukiwa unajifunza. Simama mita 5 nyuma yake, mkia ukikuelekea, na macho yako yawe kwenye pua, maana ukiutazama mkia utaamrisha kinyume. Acha mapanga yafike mwendo wake kamili kabla ya kuinua. Helikopta inayozunguka nusu mwendo, miguu ikigusa na kuacha ardhi, ndiyo inayopinduka kwa urahisi zaidi. Inua kwa uamuzi mmoja, bila kurusha, upite ile hewa chafu ya chini na usimame kimo cha kiuno au zaidi. Elea sekunde tano, shusha, pumua. Betri za kwanza zisizidi dakika nne au tano, na saa ya rimoti ilie yenyewe, kwa kuwa mikono ikichoka hukosea bila kumwarifu mwenyewe.

Helikopta ikikimbia, usikimbilie bisibisi wala kujilaumu. Fanya uchunguzi. Inuka mara tano, kila mara ukitulia, na uandike ilielekea wapi. Ikienda huku mara hii na kule mara ile, mshukiwa ni vidole, na dawa yake ni simuleta. Ikienda upande mmoja mara zote tano, geuza pua digrii 45 ukiwa bado chini, uinuke tena. Mwelekeo wa kukimbia ukigeuka pamoja na pua, mashine ndiyo inayosema, nawe urudi mezani kwenye sahani, uzito na mlalo wa jairo. Ukibaki uleule kuelekea mti uleule ingawa pua imegeuka, huo ni upepo, na unaweza kwenda kunywa chai hadi kesho asubuhi. Panga moja likionekana linapita juu ya mwenzake, zungusha kiungo chake nusu mzunguko, mapanga yakiwa yamesimama kabisa na betri imechomolewa. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hujui kipi kiliiponya, na kesho ikiugua tena utaanza upya.

Ukirudi nyumbani, betri za lithiamu zisiachwe zikiwa zimejaa wala zimekauka. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.5 ukiwa hewani. Na ikiwa hutaruka kwa siku kadhaa, iweke kwenye 3.8. Chaji ukiwa karibu, juu ya kigae au ndani ya chombo kisichoungua, mbali na pazia. Betri iliyovimba imekwisha, hata kama bado inazungusha mapanga. Inadhoofisha mwendo wa mota katikati ya kuelea, nawe utaanza tena kuvishuku vidole vilivyokwisha kuiva.

Mkia ukishatulia mbele yako betri nzima bila kuvuka mraba wa mita 2, geuza pua kidogo kidogo, kushoto kwanza kisha kulia, na kila pembe mpya uipe betri nzima kabla ya kuongeza nyingine. Pembe ngumu ni ile ya pua kukuelekea, kwa sababu kulia na kushoto vinabadilishana. Njia inayowasaidia wengi ni kuacha kufikiria upande na kuwaza kwamba kijiti ni gongo la kuegemeza: helikopta ikianza kuangukia mkono wako wa kulia, peleka kijiti kulia, chini ya ubavu unaoanguka, uiegemeze. Betri ya kwanza ya pembe hiyo irushe kimo cha mita 3 badala ya kiuno, msaada wa jairo ukiwa umewashwa, fito za mipira zikiwa bado zimefungwa, na kidole kimoja kikiwa jirani na swichi ya kukata mota.